Maji ya udhu yanamwagika na jua tunalo: tuyasafishe tuyatumie



Ndugu msomaji, mtu akitaka kujua kiangazi kimefika katika Tarafa ya Sale hana haja ya kusikiliza redio. Aangalie madumu. Upande wa Digodigo na Samunge ndugu zetu Wabatemi, ambao wengi wanawaita Wasonjo, wana chemchemi na mifereji waliyoirithi kwa mababu zao, na maji yanagawiwa kwa zamu chini ya wazee. Lakini ukiteremka kuelekea Malambo, Pinyinyi na Engaresero, joto linaongezeka, maji yanakuwa mbali, na kadiri unavyolikaribia Ziwa Natron mengine yana magadi. Huko dumu la lita 20 lina heshima kuliko kiti cha mgeni.

Pamoja na dhiki hiyo, nenda kwenye msikiti wowote wenye bomba au tangi, uangalie nyuma ya mahali pa kutawadhia. Utakuta tope. Utakuta mbuzi wanakunywa, watoto wanakanyaga, na jioni mbu wanainuka kama moshi. Maji ambayo mama mmoja angeyabeba mgongoni saa mbili, sisi tunayamwaga mara tano kwa siku, kisha tunaomba dua ya mvua.

Rai yangu katika safu hii ni kwamba maji hayo yasitupwe. Yakusanywe, yachujwe, yapigwe na jua, yatumike tena kwa miti, bustani, kufyatulia matofali na kusukumia choo. Lakini vilevile nataka kuwaonya ndugu zangu dhidi ya maneno yanayozunguka siku hizi, kwamba ukiwa na jua na chupa ya plastiki basi maji yoyote yanageuka kuwa ya kunywa, hata ya chooni. Hilo si kweli, na kwa kazi yangu ya utabibu nimeshika mikono ya watoto waliokauka kwa kuharisha kiasi kwamba mshipa wa kuwekea dripu hauonekani. Sitanii ninapoandika habari za maji.

Tuanze na wingi wake. Imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi hiyo haifiki lita moja. Sasa simama kando ya bomba ukiwa na ndoo, mkinge ndugu mmoja anayetawadha huku anaongea na mwenzake. Ukipata chini ya lita nne umebahatika. Chukua msikiti mdogo wa watu arobaini, vipindi vitano, lita nne kila mmoja: hizo ni lita 800 kwa siku, madumu arobaini. Hata nusu yao wakija na udhu wa nyumbani, bado ni madumu ishirini yanayokwenda topeni. Kwa hiyo dawa ya kwanza haihitaji jua wala mashine, ni kufunga bomba. Birika na kopo vya wazee wetu vilikuwa na hekima ambayo koki ya kisasa imeisahau.

Jambo la pili ni la fiqhi, na hapa wale tuliokaa madrasa tuna faida ambayo wahandisi hawana. Vitabu vyetu vimeyagawa maji kabla maabara hazijajengwa. Yapo maji mutlaq, ambayo ni safi na yanasafisha. Yapo maji mustaamal, yaliyokwisha kutumika katika udhu au josho la faradhi, ambayo kwa madhehebu ya Imam Shafi ni safi lakini hayasafishi; huwezi kutawadhia tena, ila ukimwagia mchicha hujafanya kosa. Na yapo maji yaliyoingiwa na najisi. Wahandisi wa leo nao wanayatenga hivyohivyo: maji ya kunawa na kufulia wanayaweka upande mmoja, maji ya chooni upande mwingine, kwa sababu ya kwanza ni rahisi kuyasafisha na ya pili ni hatari.

Tatizo letu ni kwamba tunayajua haya kwa ulimi na kuyasahau tunapojenga. Katika misikiti mingi maji ya kustanjia na maji ya udhu yanateremka katika mfereji mmoja wa saruji. Hapo tumechukua lita mia kadhaa za maji safi tukayatia najisi kwa mkono wetu. Fundi akija kujenga, kamati imwambie kabla ya tofali la kwanza: mifereji miwili, ya istinjai iende moja kwa moja kwenye karo, ya udhu iende kwenye pipa. Gharama yake ni mita chache za bomba. Bila ya hilo, yote nitakayosema hapa chini hayana faida.

Wapo watakaouliza: je, maji yaliyokuwa machafu kweli yanaweza kurudi kuwa twahara? Swali hili lilifikishwa kwa Baraza la Wanazuoni Wakubwa wa Saudi Arabia, na mwaka 1978 walitoa uamuzi kwamba maji taka yakisafishwa kwa njia za kitaalamu mpaka uchafu ukaondoka, yasibaki na rangi, ladha wala harufu yake, kwa ushahidi wa wataalamu waaminifu, basi yanarejea katika usafi wake na yanafaa kwa twahara. Hata kuyanywa hawakukuharamisha kwa sababu ya unajisi. Walichokitilia mkazo ni madhara: kama yanahofiwa kudhuru afya, yaachwe kwa kuhofia madhara hayo. Tofauti hiyo naomba wasomaji waishike. Kitu kinaweza kuwa twahara na bado kikakuua. Na katika madhehebu yetu wenyewe, maji mustaamal yakikusanywa mpaka yakafika kulateini, takriban lita 200, yaani kama pipa moja la mafuta, rai yenye nguvu ni kwamba yanarudi kuwa ya kusafishia. Kisheria umepata maji ya udhu. Kitabibu nakuambia usiyasukutue wala usiyapandishe puani, kwa sababu ndani yake mna makamasi, mate na vumbi la miguu ya watu arobaini. Mimi si mufti, masheikh wapo. Lakini sijaona sheikh anayetulazimisha kusukutua na maji hayo wakati miti ina kiu.

Kwingine wamekwenda mbali zaidi. Mji wa Windhoek kule Namibia, nchi kame kuliko sisi, umekuwa ukisafisha maji taka ya mjini na kuyarudisha katika mabomba ya kunywa tangu mwaka 1968. Lakini wana kiwanda, maabara na wataalamu wanaoyapima maji hayo usiku na mchana. Asije mtu akatutajia Windhoek huku mkononi ana chupa moja.

Basi jua linafanya nini hasa? Mwanga wa jua una miale isiyoonekana kwa macho, ambayo huharibu vijidudu kwa ndani mpaka vikashindwa kuzaana. Juu ya hiyo kuna joto. Maji yakipita nyuzi 50, mwanga na joto vinasaidiana na kazi inakwenda haraka. Mtaalamu Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, Lebanon, ndio walioitangaza njia hii kwa ajili ya maji ya kunywa katika miaka ya 1980, na baadaye Waswisi wakaieneza duniani.

Sisi wa Sale tunao ushahidi wa karibu zaidi. Katika miaka ya 1990 mtafiti Ronán Conroy wa Ireland na wenzake waliijaribu njia hii kwa Wamasai wa Kajiado, ng'ambo tu ya mpaka, watu walewale, ng'ombe walewale, mabwawa ya tope yaleyale. Familia nyingine zilipewa chupa za plastiki waziweke juu ya paa juani, nyingine waziweke ndani. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1996, na kuharisha kulipungua kwa watoto waliokunywa maji ya juani, ingawa si kwa kiwango cha kushangaza. Kisha kipindupindu kikaingia katika eneo lilelile. Walipohesabu watoto wa chini ya miaka 6, kati ya 155 waliokuwa katika nyumba za maji ya juani waliougua walikuwa 3, na kati ya 144 wa nyumba nyingine waliougua walikuwa 20. Kwa watoto wakubwa na watu wazima tofauti haikuonekana, pengine kwa kuwa wao hunywa popote wanapopita. 

Kwa hiyo kwa maji ya kunywa nyumbani, pale ambapo kuni za kuchemshia hazipo na dawa ya klorini imekwisha, njia hii naiunga mkono bila kusita. Chukua chupa nyeupe ya maji ya dukani, ile inayoonyesha, isiyozidi lita 2, yenye namba 1 ndani ya pembetatu chini yake. Ioshe, bandua karatasi, jaza robo tatu, funga, tikisa, kisha ijaze kabisa. Ilaze juu ya bati tangu asubuhi, saa 6 za jua kamili. Mbingu ikiwa na mawingu zaidi ya nusu, iache siku 2. Maji yawe yanang'aa: simamisha chupa juu ya gazeti hili, tazama kwa juu kupitia mdomoni, kama husomi kichwa cha habari, yachuje kwanza. Yanywe katika chupa hiyohiyo, usiyamimine kwenye ndoo ambayo kila mtu anachovya kikombe.

Hapa najua mwanafunzi wa madrasa ameshanyoosha kidole. Si tumesoma katika Matn Abi Shujaa kwamba maji mushammas, yaliyopashwa moto na jua, ni makuruhu? Ni kweli tumesoma. Lakini tulisoma pia masharti yake: yawe katika chombo cha madini kinachofuliwa kwa nyundo kama chuma au shaba, katika nchi ya joto, na yatumike mwilini yakiwa bado moto, kwa kuhofia ugonjwa wa mbalanga. Plastiki na kioo havimo. Yakipoa, ukaraha umeondoka. Na Imam Nawawi mwenyewe katika baadhi ya vitabu vyake ameelekea kwenye rai kwamba kwa upande wa dalili hakuna ukaraha wowote. Kwa upande wa tiba, mbalanga hauletwi na maji ya jua. Nimeliandika hili kwa urefu kwa sababu mzee mmoja alizirudisha chupa za mjukuu wake ndani ya nyumba kwa hoja hiyo, na mzee huyo alistahiki jibu la kitabu, si kucheka.

Sasa mipaka ya jua. Mwanga haupenyi maji machafu. Maji ya chooni, au hata ya kufulia yenye povu na matope, yanakinga vijidudu kama mwavuli. Mayai ya minyoo yana ganda gumu, saa sita za jua hayazijali. Na jua halitoi chumvi, sabuni, dawa za mifugo wala floridi. Hili la floridi kwetu ni kubwa. Mkoa wa Arusha unajulikana kwa meno ya kahawia na miguu iliyopinda, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ukianika maji yenye floridi mwaka mzima, floridi inabaki palepale. Hayo yanataka chujio maalumu. Kijana wa jirani zetu wa Karatu, Dk. Askwar Hilonga wa kijiji cha Gongali, alitengeneza chujio la namna hiyo na mwaka 2015 likampa tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Mwenye uwezo aulizie.

Ipo njia moja ya jua inayoondoa vyote, nayo ni kuyageuza maji mvuke chini ya kioo kisha kuyakusanya matone yake. Mwaka 1872 kule Las Salinas, nchini Chile, walijenga uwanja mzima wa vioo kusafisha maji ya chumvi yaliyotoka katika machimbo, wakapata zaidi ya lita 20,000 kwa siku za kunywesha nyumbu. Ni fahari kubwa, lakini kioo cha mita moja ya mraba hukupa kama lita 3 hadi 5 kwa siku nzuri. Kwa zahanati iliyo karibu na Natron yenye kuhitaji maji safi kidogo, sawa. Kwa msikiti, hapana.

Maji taka ya mji mzima jua husafisha kwa njia nyingine, polepole, katika mabwawa. Nenda Moshi, upande wa Mabogini, au Ruai nje ya Nairobi, utayaona. Maji yanahama bwawa hadi bwawa kwa siku nyingi. Mayai ya minyoo yanazama chini, mimea midogo ya kijani inatumia jua kutoa oksijeni, na katika bwawa la mwisho lenye kina kifupi mwanga unamalizia vijidudu. Hakuna umeme hata kidogo. Kule Mabogini wakulima wa mpunga wanayatumia maji hayo mashambani. Siri yake ni mambo mawili tu, muda na kina kifupi, na haya hata msikiti wa kijijini unayaweza.

Pendekezo langu kwa misikiti ya Digodigo, Loliondo, Wasso na Karatu ni hili. Maji ya udhu yaingie katika pipa la kwanza lenye wavu wa kuzuia nywele na majani. Yapite pipa la pili lenye kokoto chini, changarawe katikati, na mchanga uliooshwa juu, usiopungua nusu mita. Yakitoka hapo yanafaa kwa miti moja kwa moja, hayahitaji jua. Kama mnataka kumwagilia mboga au kusukumia choo, yatandazwe katika karo pana la saruji lenye kina cha kiganja kimoja, siku moja au mbili, lifunikwe kwa chandarua cha mbu. Msiyaweke zaidi ya hapo. Yatanuka, na kiluwiluwi huhitaji wiki moja tu kuwa mbu. Mboga zimwagiliwe kwenye udongo, si juu ya majani, na kachumbari isitoke katika bustani hiyo. Maji ya kufulia ya nyumbani yapewe migomba, kwa kupokezana na maji safi, maana sabuni ya unga ikizidi udongo unakuwa mgumu kama sakafu.

Na umeme wa jua? Wafadhili wanaupenda, kwa sababu paneli inapendeza katika picha. Pampu ndogo ya sola ya kupandisha maji kutoka pipa la chini kwenda tangi la juu ni kitu kizuri na mafundi wake sasa wapo. Lakini zile taa za miale ya kuulia vijidudu ninazisita. Zinataka maji yanayong'aa, zinataka umeme usiokatika, na taa yenyewe huchoka baada ya takriban saa 9,000, yaani mwaka mmoja hivi ikiwaka mfululizo. Ikichoka bado inawaka rangi ya buluu, mtu anadhani inafanya kazi. Nani ataiagiza nyingine, na kwa fedha ya nani? Msikiti mmoja ninaoujua una mfumo wa sola uliolala kwa kukosa kifaa kidogo cha bei ya kuku mmoja, kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa. Kabla ya kupokea msaada, kamati iulize hayo na majibu yaandikwe.

Tukumbuke pia kwamba sisi Waislamu ni wachache katika tarafa hii na tunakunywa maji pamoja na majirani zetu. Kinachotiririka kutoka msikitini kikiingia mferejini, kinamfikia Mbatemi aliye chini anayemwagilia na kuchota. Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akatahadharisha juu ya kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini. Mwaka 2011, maelfu walipomiminika Samunge kwa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, foleni ya magari ilikuwa kilomita kwa kilomita, na watu walijisaidia porini kandokando ya njia kwa wiki nyingi. Mwaka 2018 wilaya ya Ngorongoro ilikuwa miongoni mwa zilizokumbwa na kipindupindu. Mvua ya kwanza huchukua kila kilichoachwa juu ya ardhi na kukipeleka kwenye chemchemi. Karo la istinjai liwe mita 30 au zaidi kutoka kisima, na liwe upande wa chini yake.

Mtoto akiharisha, ndugu msomaji, usingoje kujadili maji. Mpe maji ya ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, endelea kumnyonyesha, na akilegea au akishindwa kunywa mkimbize zahanati.

Kuhusu pipa la mchanga, tabaka la juu huziba kila baada ya wiki chache. Likwanguliwe kwa kina cha vidole viwili, mchanga uoshwe na kurudishwa. Vijana wa madrasa wanaweza kuifanya kazi hiyo Alhamisi baada ya Alasiri, mwalimu akisimamia, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika msahafu. Na kwenye bomba la maji hayo paandikwe kwa rangi nyekundu, kwa Kiswahili na Kimasai: SI YA KUNYWA.